Kudumu kwa Ari katika Imani

Kuanza kazi njema ni sifa, lakini kudumu nayo ni sifa kubwa zaidi. Watu wengi huingia katika imani na utumishi wa Kikristo kwa moyo unaowaka. Wachache huonekana na moyo huo baada ya miaka thelathini. Basi huulizwa kama ari yaweza kudumu maisha yote, au kama ni mali ya ujana ambayo umri huja kuidai.

Jibu hutegemea maana ya ari. Iko ari iliyo kama moto wa mabua: hulipuka, humulika ua mzima, na kabla chungu hakijachemka imekwisha kuwa majivu. Chakula chake ni sifa na mavuno ya haraka. Vitu hivyo vikikoma, nayo hufa. Mfano wa mpanzi katika Injili waonya juu yake, maana mbegu iliyoanguka penye mwamba iliwahi kuchipua, ikawahi na kunyauka. Iko na ari iliyo kama kaa lililofukiwa majivuni usiku. Mpita njia hudhani jiko limezimika. Mwenye nyumba ajua kuwa alfajiri atapata moto.

Maisha ya Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, yaonyesha ari hii ya pili. Alifika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai pamoja na Ludwig Krapf. Mwaka 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro, na wako wataalamu wa Ulaya walioikana habari yake. Krapf aliondoka mwaka 1853, Rebmann alibaki. Mkewe alifariki mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mringe, wa kwanza wao, alikuwa kilema aliyepokea ubatizo karibu na kufa kwake. Mwishowe Rebmann alipofuka macho. Aliondoka mwaka 1875, akafa kwao Ujerumani mwaka 1876.

Kwa hesabu ya soko maisha hayo yalikuwa hasara. Tena yaweza kusemwa kuwa kukaa peke yake si hoja, kwa kuwa hata jiwe hukaa mahali pamoja miaka mingi. Na mara nyingi ukaidi na mazoea huvaa joho la uaminifu. Neno hili ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Walakini iko alama ya kupambanua. Jiwe halisikii wala halijifunzi. Rebmann alisikia na kujifunza. Alikusanya maneno ya Kiswahili na ya lugha ya wenyeji wa Rabai. Na kwa mtu mmoja wa Nyasa, aliyeletwa pwani hali ya mtumwa, alijifunza Kinyasa neno baada ya neno. Kamusi ya lugha hiyo ilipigwa chapa mwaka 1877, mwandishi wake akiwa kaburini. Alifanya kazi hiyo kwa ajili ya watu ambao nchi yao hakuifikia kamwe.

Hapo ndipo siri ilipo. Ari hudumu inapohama katika nafsi ya mtumishi ikaenda kukaa kwa yule anayetumikiwa. Kijana huuliza ni jambo gani kubwa atakalomfanyia Mungu. Mtumishi aliyekomaa huuliza jirani yake ahitaji nini leo. Swali la kwanza huchosha, maana makubwa hayaji kila siku. La pili halimalizi kazi yake, kwa kuwa jirani yupo kila asubuhi. Hata sala isemwayo kwa moyo mkavu si unafiki, kama asemaye aitamani imani anayoikiri. Ni majivu yafunikayo kaa lisizimike.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Afya huvunjika, macho huingia giza, wenzi huondoka, na mavuno hukawia mpaka baada ya maziko. Anayepima ari yake kwa joto la kifua chake atakata tamaa mara nyingi. Anayeipima kwa uradhi wake wa kumsikiliza mtu mmoja zaidi, ataikuta ingali hai uzeeni.