Siri Ikishatoka

Maji yakimwagika hayazoleki, wala siri ya chombo kipya, ikishatoka kabla ya siku yake, hairudishwi kwa ghadhabu. Mwaka 2010 mhandisi wa kampuni ya Apple alisahau katika baa ya Redwood City, California, simu iliyokuwa bado haijatangazwa. Picha zake zikaenea mwezi Aprili, na kampuni, ilipoandika barua kudai mali yake, ikawa imeisadikisha habari yenyewe. Hata hivyo, tarehe 7 Juni Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliidhihirisha simu hiyo hadharani, akiitania fedheha ile, na katika siku tatu za mwanzo za mauzo zikauzwa zaidi ya milioni 1.7.

Basi wewe uliyekabidhiwa dhamana ya kusimamia bidhaa, uwe Mbeya au Iringa, iwapo picha za programu yako ya kuwaunganisha wakulima wa parachichi wa Rungwe na wanunuzi zitasambaa WhatsApp kabla ya uzinduzi, usianze kwa kumsaka mkosaji, maana wafanyakazi wenye hofu huficha makosa. Kwanza baini kilichotoka na kilichosalia, badilisha nywila, waarifu wenzako na wakulima wa majaribio kwa kauli moja, bila kukanusha lililo kweli, na ikiwa ndani yake mna uvumbuzi halisi, wahi kuomba hataza kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwani jambo lililokwisha kuenea huweza kupoteza sifa ya upya. Kisha rudi kazini: wateja watakuhukumu kwa ubora wa bidhaa, si kwa picha iliyovuja.