Kabla ya Kukabidhi Funguo

Kwa kawaida mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60. Tarehe hiyo hujulikana tangu anapoajiriwa, lakini ofisi nyingi hukumbuka kumtafuta mrithi wiki ya mwisho, naye hukabidhiwa funguo na leja tu. Kwenye stoo ya dawa, kwa mfano, nani atamweleza kijana anayerithi kwa nini dawa za malaria huagizwa mapema, kabla masika hayajakata barabara? Hilo halimo kwenye leja. Limo kichwani mwa mzee wa stoo. Wapo wanaoficha ujuzi kwa kuogopa kupoteza nafasi. Hofu hiyo naielewa, ila anayeumia ni mgonjwa. Kama una kijana chini yako, leo mwachie aandike oda mwenyewe, nawe keti kando umsahihishe.