Nani Anakungoja Mubende?

Kila mwaka, katikati ya Mei, mahujaji wa Kasese hushika njia ya Namugongo kwa miguu. Wapo wanaoanzia Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, na wapo wanaoungana nao Kisinga, Kinyamaseke na Kasese mjini. Mbele yao kuna kilomita zaidi ya 400: Fort Portal, Kyenjojo, Kyegegwa, Mubende, Mityana, Kampala, ndipo wafike uwanja wa mashahidi wa Uganda kabla ya sikukuu yao, 3 Juni. Wanaimba, wanasali rozari, mizigo yao inabebwa na gari, na wakichoka wanachoka pamoja.

Kijana wa hadithi hii hakutaka msafara. Nimemtunga kwa ajili ya funzo, kwa hiyo usimtafute. Lakini barabara aliyoipita ipo, na ugonjwa uliomzuia ulikuwapo kweli, Oktoba 2022, kwa tarehe hizi nitakazozitaja.

Alikuwa mwendesha bodaboda wa senta ya Kinyamaseke. Mkewe alipata shida kubwa wakati wa kujifungua, akafanyiwa upasuaji, akapona yeye na mtoto. Kijana akiwa nje ya wodi alimwekea Mungu nadhiri: atakwenda Namugongo kwa miguu, peke yake, na atafika 18 Oktoba, siku ambayo mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda. Nadhiri ya namna hiyo ni ya kuheshimiwa. Anayeidharau hana haki ya kumshauri aliyeiweka.

Katekista mmoja mzee, aliyekwishaitembea njia hiyo mara nyingi, alimuuliza swali moja.

“Mwanangu, nani anakungoja Mubende?”

“Sina ndugu Mubende, mzee.”

“Na Kyenjojo?”

“Hapana.”

“Basi ngoja Mei.”

Kijana alicheka kwa adabu, akaaga. Alidhani mzee anauliza habari za jamaa wa kumpa kitanda. Mzee alikuwa anauliza jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Mei parokia za njiani zinajua kwamba watu wanakuja. Ukumbi umefagiliwa, maharage yako jikoni, kuna mtu wa kutazama miguu iliyochubuka, na mwenyekiti wa kijiji amearifiwa kwamba usiku huu wageni 200 watalala hapa. Ukifika umechelewa, kuna anayeuliza umebaki wapi. Oktoba lami ni ileile na milango ni ileile, ila nyuma ya milango hakuna aliyeambiwa habari zako.

Maandalizi yake mengine yalifanana na hayo. Njia aliijua, lakini aliijua akiwa amekaa juu ya pikipiki. Mtu anayeshinda kwenye kiti cha bodaboda ana mikono yenye nguvu na nyayo laini. Alinunua viatu vya mitumba, vizuri, vya ngozi, vilivyomkaa sawasawa, akavifunga kwenye mfuko ili visichakae kabla ya safari. Hapo pana makosa mawili. Mguu unaotembea kutwa nzima huvimba, kwa hiyo kiatu cha safari ndefu lazima kiwe na nafasi mbele ya vidole. Na kiatu ambacho hakijazoea mguu wako kwa wiki kadhaa za kwenda shambani, sokoni na kanisani kitauzoea barabarani kwa kuuchuna.

Aliondoka Jumatatu, 3 Oktoba, saa kumi alfajiri, ili awahi kabla ya jua kali. Mahali pengine hiyo ni busara. Kwetu, kuelekea Kikorongo, barabara inapakana na mbuga ya Queen Elizabeth, na saa hizo za giza ndizo saa ambazo tembo wanarudi kutoka mashambani. Yeye mwenyewe alijua. Kila mtoto wa Kinyamaseke anajua. Dereva wa lori la chumvi ya Katwe alimwona kwenye taa, akasimama, akamwamuru apande, akamshusha mbele palipo salama. Dereva yule alifanya kazi ya malaika, lakini kijana aliona nadhiri yake imechafuka. Ili kufidia zile kilomita za lori, hakupumzika tena mpaka Kasese mjini. Jioni visigino vilikuwa vimeshaanza kuwaka.

Siku ya pili mvua ilimkuta Rukoki. Huko, mwezi mmoja tu kabla, udongo wa mlima ulikuwa umeporomoka Kasika na kuua watu, wengi wao kina mama na watoto. Mvua za Septemba hadi Novemba upande huu wa Rwenzori si mvua za kupuuzwa. Mto unaouvuka chini unaweza kuwa mtulivu na jua linawaka juu yako, huku mvua inanyesha Kilembe na maji yako njiani yanakuja na mawe. Waliouona mto Nyamwamba Mei 2013, na tena Mei 2020, hawahitaji kusimuliwa. Kijana alivuka salama, lakini soksi zilikuwa zimelowa, na hakuwa na nyingine kavu. Ngozi iliyolowa haistahimili msuguano. Soksi jozi tatu na mafuta kidogo ya mgando ya kupaka nyayo kila asubuhi ni vitu vya bei ndogo, na vingebadilisha safari yote.

Usiku huo alilala barazani kwa duka moja la Mubuku, karibu na mashamba ya umwagiliaji, bila chandarua. Shika tarehe hiyo: 4 Oktoba.

Zikafuata Hima na malori yake ya saruji, kisha Rwimi, kisha ule mpando mrefu wa kwenda Fort Portal, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa joto la Kinyamaseke hulala pale akitetemeka. Alikuwa anatembea upande wa kushoto, magari yanamjia kwa mgongo, hata mzee mmoja wa barabarani alipomshika mkono na kumhamishia kulia. Uganda magari hupita kushoto. Anayetembea akae kulia ayatazame usoni.

Kufika Kyenjojo hakuweza kukanyaga. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, naye akamalizia kwa kung'oa ngozi, jambo ambalo mtu hapaswi kulifanya, kwa sababu ngozi ile ndiyo bandeji ya kwanza. Mama mmoja muuza chai alimhurumia, akampa pa kulala ghalani. Sikukuu ya Uhuru, 9 Oktoba, ilimkuta kwenye mkeka, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kutwa alikuwa anakunywa maji matupu, kichwa kinamzunguka. Yule mama ndiye aliyemchanganyia lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, mchanganyiko uleule anaopewa mtoto anayeharisha. Mtu anayetokwa jasho kutwa anapoteza chumvi pamoja na maji, na maji peke yake hayairudishi.

Mama huyo alikuwa na redio. “Mwanangu,” alimwambia, “Mubende kuna Ebola. Imetangazwa tangu tarehe 20 mwezi uliopita. Rudi nyumbani.”

Akajibu kwamba mashahidi hawakuogopa moto, na yeye hataogopa homa.

Jibu hilo nimelisikia kwa sura nyingi, na linaniuma, kwa sababu linawasingizia mashahidi. Karoli Lwanga na wenzake hawakwenda Namugongo kwa kujitafutia njia. Walihukumiwa Munyonyo Mei 1886, wakafungwa kamba wakapelekwa kwa miguu pamoja. Usiku wa kabla ya hapo, Lwanga alikuwa anawabatiza wadogo, Kizito miongoni mwao, mvulana wa miaka 14 hivi, ili asiwepo wa kuachwa nyuma peke yake. Hija ile ya kwanza ilikuwa msafara. Tena, shahidi anatoa uhai wake mwenyewe. Anayebeba ugonjwa kutoka ghala moja hadi jingine anatoa uhai wa watoto wa mama wauza chai, ambao hawakuweka nadhiri yoyote.

Siku nne alizolala Kyenjojo zilimchelewesha. Jumamosi, 15 Oktoba, akawa amefika Kyegegwa, wilaya inayopakana na Mubende na ambayo nayo ilikuwa imepata wagonjwa wa Ebola. Jioni hiyo Rais Museveni alitangaza kuzifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa siku 21. Hakuna kuingia wala kutoka, makanisa na misikiti yafungwe, usiku watu wasitoke nje. Magari ya safari za mbali yaliruhusiwa kupita bila kubeba abiria wa humo. Lakini mtembea kwa miguu hawezi kuivuka Mubende bila kulala, bila kuomba maji, bila kukaa kwenye benchi la mtu.

Na saa hiyohiyo ya tangazo, homa ikampanda.

Fikiria sasa upande wa wenye nyumba. Redio imetoka kusema Ebola ya aina ya Sudan haina chanjo. Mvua inanyesha. Mtu usiyemjua, asiyesema lugha ya pale vizuri, macho mekundu, miguu ina madonda, anabisha hodi saa mbili usiku akiomba kulala. Watu wa Kasese tusijidai tungefungua. Tunakumbuka Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka na mtoto mgonjwa kutoka Congo akafikishwa hospitali ya Kagando, jinsi tulivyoacha kupeana mikono hata kanisani. Milango ya Kyegegwa haikufunguka, na siwalaumu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja na tochi, akasimama mbali.

“Unatoka wapi?”

“Kinyamaseke.”

“Nani anakujua hapa?”

“Hakuna, mwenyekiti.”

“Barua ya paroko wako? Ya mwenyekiti wako?”

Hakuwa nayo. Simu ilikuwa imezimwa tangu Kasese, kwa sababu alitaka safari ya ukimya, na alipoiwasha ilikuwa imeingia maji. Namba ya mkewe haikuwa kichwani wala kwenye karatasi. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuthibitisha kwamba kijana huyu alitoka magharibi, kwamba Mubende alikuwa hajaikanyaga. Wahudumu wa afya walifika wamevaa mavazi ya kujikinga, wakamchukua, wakamtenga, damu yake ikaenda kupimwa.

Ilikuwa malaria. Yeye aliisingizia mvua ya siku ile, lakini mvua haileti malaria. Malaria kali ya huku kwetu huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu mbu akuume mpaka homa ianze. Hesabu kurudi nyuma kutoka 15 Oktoba utaangukia kwenye baraza la Mubuku. Chandarua kimoja kinakunjika kikaingia kwenye mfuko wa safari.

Nyumbani mkewe, mwenye kidonda cha upasuaji, alikaa siku nyingi bila kujua kama ni mke au mjane. Katika yote, hilo ndilo ninaloliona zito kuliko malengelenge. Nadhiri ilikuwa ya kushukuru kwa ajili yake.

Aliporudi, baadhi ya majirani walisema malengelenge yalimwokoa: asingeugua miguu, angekuwa ndani ya Mubende siku ya kufungwa. Ni kweli kwamba angenasa. Vizuizi vile viliongezwa tena na tena mpaka 17 Desemba, na ugonjwa ulipotangazwa kuisha, 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 miongoni mwao wamekufa. Lakini sikubali mtu aite hayo maandalizi. Kwa kiatu kilekile kibaya angeweza kuchelewa siku mbili badala ya nne.

Wapo ambao hata baada ya haya watataka kwenda peke yao, nje ya msimu, na ninaielewa kiu hiyo ya kutembea na Mungu bila kelele. Basi waende kama watu wanaongojwa. Andika kwenye karatasi kila parokia utakayolala na tarehe yake, mwachie mkeo, mumeo au mama yako nakala moja, na umwombe paroko wako apige simu mbele kabla hujafunga mfuko. Beba barua yake na ya mwenyekiti wa kijiji pamoja na kitambulisho cha taifa. Tangu Juni 2023, waasi wa ADF walipowaua wanafunzi wa shule ya Lhubiriha pale Mpondwe, mgeni wa usiku anaulizwa maswali mengi zaidi, na ni haki. Weka siku za kupumzika ndani ya hesabu tangu mwanzo, usizisubiri zikuangukie. Mwenye sukari au presha amwone daktari kwanza. Kipande cha mbuga kivuke kwa gari, mchana.

Kuhusu gari na nadhiri, kijana alikuja kujifunza jambo ambalo Wakatoliki wengi hawalijui. Sheria ya Kanisa inampa paroko mamlaka ya kumwondolea muumini wake nadhiri binafsi, au kuibadilisha, kukiwa na sababu ya haki. Mapema 2023 alikwenda kumweleza paroko yote. Oktoba ikabadilishwa kuwa Juni, upweke ukabadilishwa kuwa msafara, na jina lake likaandikwa kwenye daftari la mahujaji wa Mei pamoja na namba ya simu ya mkewe. Mazungumzo yalikwisha kabla chai haijapoa, na yangeweza kabisa kufanyika Septemba.