Dawa ya Deni ni Kulipa: Nasaha kwa Vijana Wanaoomba Uamsho

Wajukuu zangu, nimesikia mnakesha kila Ijumaa mkimwomba Mungu alete uamsho. Endeleeni, asiwepo wa kuwavunja moyo. Ila napenda mjue mnachokiomba, maana nchi zetu zimewahi kukipata, na sisi wazee tumekulia katika matunda yake.

Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Daktari alikuwa amechoka, roho imemkauka. Wakakaa na Biblia zao, wakaomba. Hapakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Miaka iliyofuata moto uliwaka Gahini, ukavuka mipaka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu pale Gahini, alikwenda Uganda kuwasihi viongozi wa kanisa waamke usingizini. Akafariki Januari 1936, angali kijana.

Walioguswa walilia na kuimba usiku kucha, kama ninyi. Lakini kulipokucha walianza kurudisha vitu vya watu. Aliyeiba kazini alikwenda kwa mwajiri wake na kuungama. Waliokuwa hawasemezani walisalimiana. Wamisionari Wazungu waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo enzi zile za ukoloni lilikuwa halijazoeleka. Hayo wenyewe waliyaita kutembea nuruni: usiwe na chumba moyoni ambamo ndugu yako haruhusiwi kuingia.

Nilikuwa mtoto nilipomwona jirani yetu akiingia uani kwetu na jembe begani. Alipewa kigoda, hakukaa. Akamwambia baba, “Jembe hili ni lako. Nililichukua shambani kwako usiku. Mpini wake wa zamani uliliwa na mchwa, nimetia mpya. Yesu ameniosha, siwezi tena kulimia cha wizi.” Baba, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimshuku mtu mwingine, alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akavaa kanzu yake, akaenda kumwomba radhi yule aliyemdhania bure. Angalieni basi: toba ya mtu mmoja ilipatanisha nyumba tatu. Mahubiri ya juma lile nimeyasahau yote.

Imani ya namna hiyo ilikuja kupimwa vikali. Wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni nchini Kenya, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo cha wapiganaji hao, na wengine wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Walisema damu ya Yesu imeshawatosha, na hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Wako waliouawa kwa msimamo huo. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, tunda la uamsho huohuo, aliuawa Uganda chini ya utawala wa Idi Amin. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, alikimbilia uhamishoni, na huko akafundisha kwamba hata Amin ni wa kusamehewa.

Hata hivyo sitawaficha yanayouma. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiko mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, waliobatizwa walipowaua waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, tuwaheshimu. Lakini funzo ni zito: uamsho haurithiwi. Babu kuokoka hakumfanyi mjukuu aweze kumpenda mtu wa kabila jingine. Chuki iliyoachwa bila kuungamwa hukaa kimya chini ya nyimbo, ikingoja siku yake.

Kwa hiyo, vijana wangu, msipime uamsho kwa wingi wa watu wala kwa walioanguka chini wakati wa maombi. Ulizeni: nani amelipa deni? Nani ameacha kuchukua rushwa? Binti aliyetelekezwa akiwa na mtoto, je, baba wa mtoto amerudi kutoa matunzo? Zakayo mtoza ushuru alipompokea Yesu alitaja mali atakayorudisha, mara nne ya aliyodhulumu, na wokovu ukatangazwa nyumbani mwake siku ileile.

Nanyi mkienda kutengeneza mliyoharibu, nendeni kwa uungwana. Dhambi ya siri iungame kwa uliyemkosea, usiipeleke jukwaani ukamwaibisha na yeye. Usitaje ya mwenzako, taja yako. Usiseme, “Kama nilikukosea, nisamehe.” Sema ulichofanya, kwa jina lake, na useme utakilipaje. Akikusamehe, mshukuru Mungu pamoja naye. Asipokusamehe, usimnung'unikie wala usimhubirie. Lipa hivyo hivyo, kwa sababu haki yake haitegemei msamaha wake.