Tumwambie Nini Aliyeacha Unga?

Miongoni mwa vijana wa mji huu wa Dar es Salaam wamo wengi waliokwisha kuacha madawa ya kulevya, nao wanajitahidi usiku na mchana wasiyarudie. Wengine hupita alfajiri kwenda hospitali kunywa methadoni. Wengine wamo katika nyumba za upataji nafuu. Wengine wamerudi kwa wazazi wao na kutafuta kazi. Baina ya hao wako ambao, ingawa unga umekwisha kuwatoka mwilini, akili zao hazitulii. Husahau, huruka kutoka jambo hili hadi lile, hawawezi kumaliza walichokianza, na kungoja ni adhabu kwao. Leo twataka kulitazama swali linalowahusu watu hawa, nalo si swali la madaktari peke yao: je, yafaa mtu aliyeponea chupuchupu katika madawa apewe dawa nyingine ya akili? Na ikiwa yafaa, apewe ya namna gani, na sisi jamaa zake tumtazameje?

Yatupasa kwanza kuujua ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita kwa herufi nne, ADHD, maana yake upungufu wa umakini pamoja na mahangaiko na pupa iliyopita kiasi. Si jambo jipya. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini London, akawaeleza habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kutulia. Yeye aliona hapo kasoro katika nguvu ya mtu ya kujitawala kimaadili. Tangu siku hizo elimu imeendelea sana. Sasa twajua kwamba hali hii huanza utotoni, kwamba mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na kwamba kwa watu wengi haiishi wanapokuwa watu wazima. Mtoto aliyekuwa akipanda juu ya madawati huwa mtu mzima asiyepanda juu ya kitu, lakini ndani yake bado anakimbia. Tena uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali waonyesha kwamba kati ya watu wanaotibiwa ulevi wa pombe na madawa, karibu mmoja katika kila watano ana hali hii.

Tutwae mfano, ambao si habari ya mtu fulani bali ni sura ya wengi. Kijana amekulia Kariakoo. Shuleni daftari zake zilipotea, na mwalimu alimchapa kwa kuwa hakulisikia swali. Alipokua alibeba mizigo sokoni, akauza samaki Feri pale Kivukoni, akawa utingo wa daladala. Kila mahali alikuja na moyo mwema, na kila mahali aliondoka na deni. Siku moja akaonjeshwa mirungi, na kwa saa chache akaiona akili yake imekaa mahali pamoja, kama mtoto aliyebembelezwa. Baadaye akapewa kete ya unga, nayo ikamnyamazishia kelele zote za ndani. Hatusemi alifanya vema. Mirungi imekatazwa na sheria za Tanzania, na unga ni kaburi lililo wazi. Lakini mirungi ina kemikali iitwayo kathinoni, nayo ni jamaa ya karibu ya amfetamini, ambayo madaktari wa nchi nyingine huitumia kutibu ugonjwa huu huu. Basi kijana yule hakutafuta anasa tu. Alitafuta dawa, asijue jina la ugonjwa wake, akaipata kwa mwuzaji badala ya mganga.

Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali katika bara la Afrika kusini ya Sahara, tukiacha visiwa. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Utaratibu ulioanza nao ulikuwa huu: mgonjwa afike kila siku, anywe dawa yake mbele ya mwuguzi, arudi kesho. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo chake hupunguzwa na kupandishwa tena pole pole, kwa maana mwili umekwisha kusahau. Hebu tufikiri: ni nani atakayeshindwa na utaratibu kama huo? Si lazima awe mwenye moyo mbaya. Ni yule asiyeweza kukumbuka saa, asiyeweza kukaa katika foleni, ambaye njiani ameitwa na rafiki akasahau alikokuwa akienda. Ugonjwa mmoja wamzuia kuifuata tiba ya mwingine. Kumwacha bila kuutibu wa pili ni kuujenga ukuta wa nyumba mchana na kuubomoa usiku.

Sasa twafika penye ugumu. Dawa zinazojulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni zile za kuchangamsha ubongo, yaani amfetamini na methilfenideti. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Marekani aliandika jinsi watoto waliopewa dawa ya jamii ya amfetamini walivyotulia na kusoma, jambo lililowastaajabisha wengi. Methilfenideti ilitengenezwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1944. Dawa hizi hufanya kazi upesi, na kwa mgonjwa wa kawaida anayefuata agizo la daktari zimewafaa watu wengi. Lakini zikisagwa na kuvutwa puani, au zikimezwa kupita kiasi, zaweza kulevya. Tena zaweza kuuzwa mtaani. Mzee wetu alisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyeacha unga miezi mitatu iliyopita ana haki ya kushtuka, na daktari wake pia.

Kwa sababu hiyo madaktari wengi huanza na dawa zisizochangamsha kwa namna hiyo. Mojawapo ni atomoksetini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2002. Haimpi mtu raha ya ghafula, wala hakuna awezaye kulewa kwayo, na kwa hiyo mwuzaji wa mtaani haitamani. Lakini yadai saburi, maana hupita majuma manne, sita, au zaidi kabla nguvu yake haijaonekana vema. Ziko na nyingine, kama bupropioni, na zile dawa za zamani za huzuni kama imipramini.

Hata hivyo tusidanganyike na neno hili, kwamba dawa isiyolevya haina madhara. Atomoksetini yaweza kuleta kichefuchefu, kuharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu, na kwa vijana yatakiwa waangaliwe wasije wakapatwa na mawazo ya kujidhuru. Bupropioni yaweza kuleta degedege, hasa kwa mtu anayeacha pombe kwa ghafula. Imipramini yaweza kuvuruga mwendo wa moyo, na methadoni nayo yaweza kufanya hivyo hivyo. Mtu anayezitumia zote mbili yampasa awe chini ya macho ya daktari, si ya muuza duka. Na jambo lingine: mwaka 2008 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa watu wazima 147 wenye ugonjwa huu ambao walikuwa wameacha pombe siku si nyingi. Waliopewa atomoksetini walipata nafuu ya umakini, na siku zao za kunywa sana zilipungua. Lakini muda waliochukua kabla ya kurudia pombe haukutofautiana na ule wa wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Twalipenda tokeo hili kwa unyofu wake. Dawa yaweza kulilainisha shamba; haiwezi kulima badala ya mkulima.

Wako watakaotupinga wakisema: dawa ya moto ni moto. Kwa nini mgonjwa anyimwe dawa yenye nguvu kwa sababu ya hofu? Neno lao si la kupuuzwa. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Sweden kwa wanaume waliokuwa wakitoka gerezani, wenye ugonjwa huu na ulevi wa amfetamini pia. Waliopewa methilfenideti kwa kipimo kikubwa na chini ya uangalizi walirudia madawa kidogo kuliko wenzao. Basi hatuwezi kusema kwamba dawa ya kuchangamsha ni dhambi kwa kila aliyekuwa mlevi, wala kwamba daktari aitoaye ni mwuza unga mwenye koti jeupe. Twasema tu kwamba kiasi ni sehemu ya busara. Pale ambapo uangalizi ni hafifu, madaktari wa akili ni wachache, na mwuzaji yuko kwenye kona ya pili ya mtaa, ni haki kuanza na njia isiyo na mtego, na kuiacha ile nyingine iwe uamuzi wa daktari anayemjua mgonjwa wake na kuweza kumfuatia.

Liko pia pingamizi la upande wa pili, nalo twalisikia mara nyingi zaidi katika nyumba za Wakristo: "Huyu ameacha ulevi mmoja, ameingia mwingine. Aliyeokoka haitaji vidonge." Tujibu kwa uangalifu. Ulevi ni nini? Ni kitu kinachomnyang'anya mtu uhuru wake, hata akaiba sufuria ya mama yake ili akipate. Dawa ni nini? Ni kitu kinachomrudishia uhuru, hata akaweza kuamka, kufanya kazi, kusali na kulisha watoto. Vitu viwili vyaweza kufanana katika chupa na kutofautiana kabisa katika matunda. Papa Pius XII, akijibu maswali ya madaktari tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba ni halali kumpunguzia mgonjwa maumivu hata kwa dawa za kulevya, ikiwa hakuna njia nyingine na ikiwa hazimzuii kutimiza wajibu wake. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, inapolaani vikali matumizi ya madawa ya kulevya, huyatenga yale ya tiba ya kweli. Kanisa halikumtaka mtu yeyote athibitishe imani yake kwa kukataa kutibiwa.

Je, basi mtu huyu hana hatia ya lolote alilotenda? Hapa tujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni la baba asemaye kwamba mwanawe ni mvivu tu, na kwamba fimbo ingalitosha. Katekisimu hiyo hiyo yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, kutoangalia, mazoea, na mambo mengine ya nafsi. Asiyeweza kukaa kitako si sawa na asiyetaka. Kosa la pili ni la mama mwenye huruma asemaye kwamba mwanawe ni mgonjwa, basi asiambiwe neno. Huyo naye humdhulumu, kwa maana amvua heshima ya mwanadamu, ambayo ni kuweza kujibu kwa matendo yake. Ugonjwa hupunguza nguvu. Hauondoi wajibu wa kuitumia nguvu iliyobaki. Na wajibu wake wa kwanza ni kutibiwa.

Ndipo kila mmoja ana sehemu yake. Mgonjwa amwambie daktari ukweli wote: alitumia nini, lini, na anatumia nini hata sasa, dawa hupimwa kwa ukweli, na uongo katika chumba cha daktari waweza kuua. Asijipe jina la ugonjwa mwenyewe, maana mahangaiko ya siku za kwanza za kuacha unga hufanana sana na ugonjwa huu. Kwa hiyo daktari mwema hungoja kwanza, kisha huuliza habari za utoto, kabla mtoto hajatimiza miaka 12. Hapo ushuhuda wa mama na wa mwalimu wa zamani una thamani kuliko mashine. Jamaa wa nyumbani wamsaidie kwa utaratibu: saa ya kuamka ile ile, fedha zitunzwe na mtu anayemwamini, mtu wa kumsindikiza kliniki, kazi moja kwa wakati mmoja. Yako pia matibabu ya mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, ambayo humfundisha mtu mzima kupanga siku yake na kuizuia pupa yake. Nayo yafaa pamoja na dawa, na hata mahali ambapo dawa haipatikani. Mwajiri asimfukuze kwa kuchelewa mara mbili kabla hajamwuliza anatoka wapi asubuhi.

Twajua kwamba saburi ni fadhila ngumu kwa watu wote, na kwa mgonjwa huyu ni ngumu kupita kiasi, kwa kuwa kungoja ndiko hasa asikokuweza. Twamtaka angoje majuma sita dawa ifanye kazi, yeye ambaye kete ilimjibu kwa dakika moja. Basi tusimwache angoje peke yake. Katika majuma hayo sita, akae nasi mezani, na atukute tumekwisha kumwekea nafasi.