Kupenda Kilicho Chetu

Je, ni haki mtu kukipenda kitu kwa sababu ni chake tu, hali ajua ya kuwa kiko kingine kilicho bora? Wengi hawalisumbukii swali hili. Lakini wazazi hulijibu kila siku kwa watoto wao, na sharika zetu hulijibu kwa makanisa yao madogo yavujayo wakati wa masika. Wasomaji wetu watuwie radhi tukilipima leo kwa jambo la mchezo. Maana katika mchezo moyo wa mtu huonekana upesi, kwa kuwa hajilindi.

Uko mji katika jimbo la Indiana, nchi ya Marekani, kusini-mashariki ya Chicago, uitwao Valparaiso. Wenyeji wake wapata 34,000. Humo mna chuo kikuu kilichoanzishwa na Wamethodisti mwaka 1859, kikanunuliwa na Walutheri mwaka 1925, na hata leo chashika desturi ya Kilutheri. Chuo hicho kina timu ya mpira wa kikapu. Mchezo huo ulibuniwa na mwalimu James Naismith huko Springfield, Massachusetts, mwezi wa Desemba 1891, kwa vikapu vya matunda vilivyopigiliwa kwenye roshani ya ukumbi. Na katika jimbo la Indiana umewashika watu kuliko mchezo mwingine wo wote.

Mwaka 1988 mwalimu Homer Drew alikabidhiwa timu hiyo. Miaka mitano ya kwanza walishindwa mara nyingi kuliko kushinda. Mwaka mmoja walishinda mara nne tu. Mwanawe, Bryce, alikuwa akisoma shule ya mji ule ule, naye mwaka 1994 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa shule zote za jimbo. Vyuo vikubwa vilimtaka. Yeye akabaki nyumbani, akachezea chuo cha mji wake, chini ya baba yake.

Basi tarehe 13 Machi 1998, katika mashindano makubwa ya vyuo, walikutana na timu ya Mississippi mjini Oklahoma City. Hakuna aliyewadhania kushinda. Zikabaki sekunde mbili na nusu, nao wako nyuma kwa 69 kwa 67. Bryce alikuwa ametoka kutupa mpira na kukosa. Jamie Sykes akaurusha mpira kutoka mwisho wa uwanja, Bill Jenkins akaudaka juu, akampasia Bryce, naye akautupa kutoka mbali ukaingia. Ikawa 70 kwa 69. Siku mbili baadaye wakaishinda Florida State, kisha wakashindwa na Rhode Island, wakarudi nyumbani.

Watu wengi wa Marekani waliipenda Valparaiso kwa muda wa juma moja. Hatuwalaumu waliokuja saa ya kumi na moja, maana nao walifurahi kweli. Lakini yule aliyekaa katika viti vya ukumbi ule mwaka 1991, akitazama timu yake ikipigwa, alipata mwaka 1998 kitu ambacho wao hawakukipata. Wao waliona mpira ukiingia. Yeye aliona miaka kumi ikiingia pamoja nao.

Hapa mwenye akili atatuuliza: apenda nini hasa mtu huyu? Si wachezaji, kwa maana baada ya miaka minne wameondoka wote. Si walimu: Homer alistaafu mwaka 2011, Bryce akashika mahali pake, naye mwaka 2016 akaitwa na chuo kingine akaenda. Si jina, kwa maana jina la timu lilibadilishwa mwaka 1942, wakati wa vita, kwa kuwa la kwanza lilikuwa la askari wa farasi wa Kijerumani. Likawekwa jina la askari wa Vita vya Msalaba. Hili nalo likaachwa mwaka 2021, wengi walipoona kwamba haifai chuo cha Kikristo kujisifia vita vile. Sasa waitwa kwa jina la taa za kuongozea wasafiri, nasi twaliona jina jema, kwa kuwa mwito wa chuo, uliotoka katika Zaburi ya 36, ni habari ya nuru. Basi wachezaji wamekwenda, walimu wamekwenda, jina limekwenda. Kilichobaki ni watu wale wenyewe waketio pamoja, na mazoea yao ya kungojana. Twadhani ndicho wakipendacho, ijapokuwa hawakitaji.

Yuko atakayesema ni sanamu. Neno hili si la kupuuzwa. Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alieleza kwamba kile moyo wa mtu unachokitegemea ndicho mungu wake. Na kweli wako watu, Marekani na hata kwetu, ambao timu ikishindwa hawasemi na wake zao siku mbili. Lakini hao, kwa maoni yetu, wautegemea ushindi. Aliyezoea kushindwa na asiache kuja hautegemei ushindi. Amejifunza kupenda pasipo malipo.

Jambo lililo gumu zaidi ni hili la siku hizi. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo waruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na kuhamia chuo kingine pasipo kungoja mwaka mzima. Chuo kidogo humlea kijana, na akiisha kukomaa, chuo kikubwa humchukua. Wenyeji hulalamika: ametusaliti. Hatukubali. Walimu wahamapo kwa mshahara huitwa wenye bahati. Kwa nini kijana wa miaka ishirini, pengine mtoto wa maskini, aitwe msaliti? Walimpenda, na ni vema, lakini hawakumnunua. Bryce alibaki kwa hiari yake, na kama kubaki kungalikuwa sharti, nani angalikumbuka kwamba alibaki?

Mwaka ule ule wa 2021 Scott Drew, ndugu yake Bryce, aliyewahi kuifundisha Valparaiso, alitwaa ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani kwa timu ya Baylor ya Texas. Timu ya Valparaiso msimu huo ilikuwa imeshindwa mara nyingi kuliko kushinda. Ilipofika Novemba, michezo ikaanza tena kwa jina jipya, na wenyeji wakaenda ukumbini kuitazama.