Dinari Mbili na Kodi ya Miezi Sita

Soma Luka 10:30–35. Kumbukumbu la Torati 24:10–13. Yakobo 2:15, 16. Msamaria alimkabidhi nani fedha zake, na kwa nini?

Tunapofundisha mfano huu, mara nyingi tunaishia kwenye mafuta na divai. Lakini huruma ya Msamaria ilifika hadi kwenye malazi. Alitoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili (linganisha Mathayo 20:2), akampa mwenye nyumba ya wageni, kisha akaahidi kulipa kitakachozidi.

Aprili 2024, tope kutoka Mlima Kawetere liliporomokea makazi katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Msiba wa namna hiyo huonekana na wote, nao watu huleta blanketi na unga. Uko msiba mwingine usio na kelele. Fikiria mjane wa Ipogolo, Iringa, au kijana wa Mwanjelwa, aliyeambiwa ahame mwisho wa mwezi. Chumba cha bei nafuu amekipata, na shilingi 40,000 za kila mwezi anazimudu kwa biashara ya mboga. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Jumla ni shilingi 280,000. Anayeweza kulipa kodi anakosa chumba kwa sababu ya gharama ya kuingia.

Wengine husema, "Tukimlipia leo, baada ya miezi sita atarudi." Hoja hii tusiipuuze, maana mfuko wa Dorkasi ni mdogo na wahitaji ni wengi. Lakini tupige hesabu. Akilipiwa miezi sita, naye akaweka akiba zile 40,000 kila mwezi, mwezi wa sita ukiisha atakuwa na 240,000, yaani kodi ya kipindi kinachofuata. Msaada uliotolewa mara moja, ukiambatana na mpango wa akiba, unaweza kumvusha. Na yule mgonjwa au mzee asiyeweza kuweka akiba? Atarudi kweli. Kwake yeye, ahadi ya Msamaria ya kulipa tena ndiyo jibu letu.

Zingatia pia heshima yake. Torati ilimwamuru mkopeshaji asimame nje, asiingie nyumbani mwa maskini kuchukua rehani. Basi, je, ni lazima jina la anayesaidiwa litajwe mbele ya kanisa zima?

Tena, baadhi ya wenye nyumba ni washiriki wenzetu. Mtu aweza kutoa shilingi 10,000 za Dorkasi siku ya Sabato, na Jumapili akamdai mjane kodi ya miezi sita. Kweli, wapo wapangaji waliotoroka na madeni, na wapo wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo. Hata hivyo, kukubali kulipwa mwezi kwa mwezi huenda kukawa sadaka kubwa kuliko ile iliyowekwa kwenye bahasha.

Maswali ya Kujadili

1. Fedha zikitosha familia moja tu, tutaichaguaje bila upendeleo?

2. Msaada wa kodi uwe mkopo au zawadi? Kila njia humfanyia nini anayepokea?

3. Wewe mwenye nyumba, ni sharti gani unaweza kulilegeza bila kuiumiza familia yako?